Majivu ya Mwaka Uliopita: Ibada za Msimu katika Kaya za Wanyakyusa

Katika vilima vya Rungwe, iliko Lufingo, mwaka haukufunguliwa kwa tarehe bali kwa mvua. Monica Wilson, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, anaieleza katika kitabu chake cha 1959 ibada ya kuisafisha nchi: mvua zinapokaribia, makuhani huomba katika kichaka kitakatifu, nazo kaya huzoa majivu ya mekoni na kuyatupa nje. Hasira pia ilipaswa kutamkwa, isibaki moyoni.

Wamisionari wa Kimoravian na wa Berlin walifika 1891. Kiswahili cha kanisa kiliziweka ibada za namna hii katika fungu moja, upagani. Neno ambalo asili yake ya Kilatini, *paganus*, ni mtu wa shamba tu, na kwa wakulima wa migomba halikuwa tusi. Lililo zito zaidi ni uteuzi wa msamiati: jina Kyala lilipewa Mungu wa Biblia, ilhali abasyuka, yaani wahenga, waliachwa nje ya mlango. Hivyo ombi la mvua liliweza kuhamia kanisani. Jivu halikuwa na pa kwenda.

Pwani mambo yalikwenda vingine. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, unaohusishwa na Nairuzi ya Waajemi, ungali ukiadhimishwa hadharani kila Julai, kibanda kikichomwa moto, na wanaouadhimisha ni Waislamu.