Kandili za Gifu na Mchonga Sanamu

Mji wa Gifu, ulioko katikati ya kisiwa kikuu cha Ujapani kandokando ya mto Nagara, ulisifika tangu zama za kale kwa karatasi, kwa mianzi na kwa uvuvi wa usiku, na mambo hayo matatu yalikuwa yakitegemeana. Karatasi ilitoka jirani, katika nchi ya Mino, ambako mafundi huchemsha gome la ndani la mti wa jamii ya mforsadi, wakaliponda, wakalichuja katika maji baridi hata likawa karatasi nyembamba ipitishayo nuru wala haipasuki upesi. Na ustadi huo wa Mino, pamoja na wa sehemu nyingine mbili za Ujapani, uliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya turathi za wanadamu. Uvuvi nao ni wa shani: mvuvi hukoka moto katika kikapu cha chuma kinachoning'inia mbele ya chombo, na kwa mwanga wake ndege aitwaye mnandi, aliyefungwa kamba, hupiga mbizi akamnasa samaki, ilhali watazamaji wamekaa katika mashua zilizotundikwa kandili za karatasi.

Kandili hizo hazikufanywa kwa pupa. Fundi huunganisha vipande vya ubao vilivyokatwa kwa mfano wa hilali vikawa kalibu moja ya mviringo, na ukingo wa kila kipande umechongwa mifuo. Katika mifuo hiyo huuzungusha mwanzi uliochanwa mwembamba kama uzi, tokea juu hata chini, kisha hubandika karatasi kwa ambo, utepe baada ya utepe, akiukata kwa wembe kila ukingo unaozidi. Ikikauka huifumua kalibu kwa ndani, akavitoa vipande kimoja kimoja kupitia tundu la juu, na kinachobaki ni chombo kisicho na uzito, kinachokunjika kikawa bapa na kunyooshwa tena. Karakana ya Ozeki, iliyoanzishwa mwaka 1891, ilikuwa miongoni mwa zilizoipeleka kazi hii mbali. Walakini umeme ulipoenea majumbani, kandili ikabaki aghalabu kuwa kitu cha sherehe, hususa siku za Obon wanapokumbukwa waliofariki, nayo ikazidi kupambwa kwa maua na ndege kadiri haja yake ilivyopungua. Ndipo ikaja vita, na mwezi wa Julai 1945 mji wenyewe ukateketezwa kwa mabomu.

Mtu aliyeigeuza historia ya kazi hiyo hakuwa mwenyeji. Isamu Noguchi alizaliwa Los Angeles mwaka 1904, baba yake Yone Noguchi, mshairi wa Kijapani, na mama yake Léonie Gilmour, mwandishi wa Kimarekani; akalelewa Ujapani utotoni, akarudishwa Marekani kabla hajawa mtu mzima, na mwaka 1927 akafika Paris kumsaidia kazi mchonga sanamu Brancusi, ambaye kwake alijifunza kuliondolea umbo kila kisicho lazima. Marekani walimhesabu Mjapani, na Ujapani wakamhesabu Mmarekani. Mwaka 1942, watu wenye asili ya Ujapani walipohamishwa kwa nguvu kutoka magharibi ya Marekani, yeye aliyeishi New York na kusalimika na amri hiyo aliingia kwa hiari yake katika kambi ya Poston, jangwani Arizona, akitaraji kuwatengenezea wenzake mahali pa kukaa penye staha. Matumaini yake hayakutimia, na baada ya miezi michache akatoka. Katika miaka iliyofuata alianza kufanya sanamu zenye globu za umeme ndani yake, hivyo kwamba nuru haikumulika sanamu kutoka nje bali ilitoka tumboni mwake. Fikira, basi, alikuwa nayo tayari. Alichokosa ni maada ya kuivika.

Maada hiyo aliipata mwaka 1951. Alikuwa akielekea Hiroshima kutengeneza vizuizi vya madaraja mawili ya mji ule, akasimama Gifu kutazama uvuvi wa minandi, na meya wa mji akamwomba awasaidie mafundi wa kandili kuifufua biashara yao. Noguchi alikwenda katika karakana, akatazama, na akaanza kuchora mara moja. Mwaka uliofuata mchoro wake wa kaburi la kumbukumbu ya waliokufa Hiroshima ulikataliwa, naye aliamini kuwa sababu ni uraia wake wa Kimarekani. Lakini Gifu hawakumkataa, na ushirika wake na Ozeki ukadumu hata kufa kwake mwaka 1988.

Alilolifanya huonekana dogo kwa mtu asiyezingatia. Aliyaondoa maua na ndege. Aliutoa mshumaa akatia taa ya umeme, akabuni waya wa ndani wa kuinyoosha kandili ili iendelee kukunjika na kusafirishwa nchi za mbali katika boksi bapa. Kisha akaliacha umbo liende litakako: kandili ya mviringo ikavimba ikapinda, nyingine ikasimama wima mfano wa nguzo, nyingine ikawa ya pembe nne juu ya miguu myembamba ya chuma, na katika baadhi yake mwanzi ulizungushwa kwa nafasi zisizo sawa, makusudi, ili jicho lisipate ada ya kutulia. Aliziita Akari, na katika maisha yake alibuni namna zaidi ya 100. Lakini kalibu, mwanzi, karatasi ya mforsadi na ambo hakuvigusa. Hapa ndipo ninapohitilafiana na wanaosimulia habari hii kana kwamba msanii mkubwa alikiokota kitu duni akakipa hadhi. Maana hadhi ilikuwamo katika ufundi wenyewe, na yeye alichofanya ni kuufunua.

Ulimwengu wa sanaa haukulipokea jambo hili kwa moyo mkunjufu. Sanamu, kwa dhana ya wengi, ni kitu kimoja, ghali, kisichotumika. Na hii ilikuwa ikiuzwa kwa mamia, mtu wa kipato cha kawaida akiweza kuinunua, akaining'iniza juu ya meza ya chakula. Fauka ya hayo waigaji walikuja upesi, wakatengeneza taa za karatasi ya mashine na waya mtupu, rahisi mno, zilizojaa vyumba vya wanafunzi Ulaya na Marekani. Na Noguchi, badala ya kuiacha kazi, aliwajibu kwa kubuni maumbo mapya ambayo mashine haikuyaweza. Mwaka 1986, alipochaguliwa kuiwakilisha Marekani katika maonyesho makuu ya Venice, hali ana umri wa zaidi ya miaka 80 na marumaru na matale ya kutosha nyuma yake, alizipeleka kandili zake ukumbini kando ya sanamu kubwa ya marumaru, katika maonyesho ambayo jina lake lilikuwa swali: sanamu ni nini? Kulikuwa na walioona kwamba amejishushia heshima. Mimi naona alifanya insafu, kwa kuwa kazi yake ya jiwe huendewa na wachache, na kazi hii ya karatasi imeingia katika nyumba za watu wasiopata kukanyaga jumba la sanaa.

Kandili hizi hufanywa mpaka leo kwa mkono, katika karakana ileile. Basi wenye majumba ya makumbusho wanaozitundika na kuandika chini yake jina la Noguchi peke yake, na waandike pia Gifu na Ozeki, kwani bila ya mikono ile mchoro wake ungebaki wino juu ya karatasi.