Ishirini na tano ya nani?

Juma hili tuzungumze habari za zege, na hasa zile namba zinazotajwa kueleza nguvu zake. Huenda utasema hayo ni mambo ya wahandisi. Lakini wananchi wa Lushoto wanaochangia darasa, zahanati au karavati kwenye barabara za milimani ndio wanaozilipia namba hizo, na mara nyingi hawajui wamelipia nini.

Historia ndiyo iliyotuchanganyia mambo. Wajerumani waliuita mji wa Lushoto Wilhelmstal. Reli yao kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Mwaka mmoja kabla, Prussia ilikuwa imetoa kanuni zake za kwanza za majengo ya zege lenye chuma ndani. Wajerumani walihesabu nguvu kwa kilo katika sentimita moja ya mraba. Mwaka 1916 Waingereza wakaiteka Usambara, na hesabu ikawa ya ratili katika inchi moja ya mraba.

Mwingereza alituachia pia ile "moja, mbili, nne" ambayo mafundi wetu wanaitaja mpaka leo: saruji kipimo kimoja, mchanga viwili, kokoto vinne. Kanuni za Uingereza za mwaka 1948 zilitaka mchanganyiko huo ufikie ratili 3,000 baada ya siku 28. Ratili 3,000 kwa inchi ya mraba ni kama kilo 210 kwa sentimita ya mraba, au nyutoni 21 kwa milimita ya mraba. Basi watu watatu wanaweza kulisifu zege lile lile, mmoja akasema elfu tatu, mwingine mia mbili na kumi, wa tatu ishirini na moja, na wote wakawa wakweli.

Hapo hatari bado ni ndogo. Namba zimeachana mno, kila mtu ataona kuna jambo la kuuliza. Hatari hasa ni pale namba zinapofanana.

Mwaka 1972 Wajerumani walirudi mkoani Tanga, safari hii kama wafadhili wa mpango wa maendeleo wa mkoa, TIRDEP. Mwaka huo huo Ujerumani na Uingereza zote zilibadili kanuni zao za zege. Uingereza ikaacha ratili ikaingia kwenye nyutoni, na zege likapewa daraja (daraja la sifa, si la kuvukia mto): 20, 25, 30. Ujerumani ikaandika Bn 250, na mwaka 1978 nayo ikahamia nyutoni, ikawa B 25. Hatimaye wote wakasema ishirini na tano.

Lakini ishirini na tano ya nani? Nguvu ya zege hupatikana kwa kumwaga kiasi chake katika kasha la chuma, kulitunza katika maji, na siku ya 28 kulibana kwa mashine mpaka lipasuke. Waingereza hutumia mchemraba wa milimita 150 kila upande. Wahindi nao hutumia mchemraba kwa M25 yao, na Wachina kwa C25 yao. Wajerumani wa wakati ule walitumia mchemraba mkubwa zaidi, wa sentimita 20. Wamarekani hutumia mcheduara, kama kopo refu, ambao urefu wake ni mara mbili ya upana. Mchemraba ni mfupi, nao huzuiwa usitanuke na msuguano wa bamba za mashine juu na chini. Mcheduara una kiuno kilicho mbali na bamba hizo, hivyo hupasuka mapema. Zege la karai moja likipimwa kwa njia zote mbili, mcheduara husoma kama asilimia 80 tu ya mchemraba.

Tena B 225 ya zamani ya Wajerumani ilikuwa wastani wa vipande vilivyopimwa. Tangu 1972 namba ni kiwango ambacho katika kila mia visipungukiwe zaidi ya vipande vitano. Kwa hiyo anayekagua jengo la zamani kwa macho ya leo atalipa sifa lisizokuwa nazo.

Nchi za Ulaya sasa huandika namba mbili: C20/25, yaani 20 kwa mcheduara, 25 kwa mchemraba. Ile B 25 huwekwa hapo. Mimi naupenda mtindo huo, ingawa ni mzito kutamka, kwa sababu unamzuia mtu kujificha. Mhandisi akichora C25/30, na mkandarasi akaleta zege la 25 kwa mchemraba, boriti imekosa sehemu moja katika sita ya nguvu iliyohesabiwa. Kinyume chake pia hutokea: zege zuri la C20/25 likipimwa kwa mcheduara likasoma 21, asiyejua ataamuru boriti ivunjwe, na michango ya wazazi iende na vifusi.

Na mfuko wa saruji ulioandikwa 42.5 hauahidi zege la 42.5. Hiyo ni nguvu ya saruji yenyewe, iliyopimwa maabara kwa mchanga maalumu na maji ya kipimo. Kule Soni au Mlalo, mchanga ukiwa umelowa mvua na kibarua akiongeza ndoo ya maji ili zege lichotwe kwa urahisi, namba ya mfukoni haibadiliki. Kamati ya ujenzi iulize mambo matatu kabla ya kutia saini: namba hii ni ya kipimo gani, ya kipande cha umbo gani, na ya siku ya ngapi. Majibu yaandikwe ndani ya mkataba.