Selsiasi
Selsiasi (alama: °C) ni skeli ya kupimia halijoto inayotumika katika nchi nyingi duniani. Jina limetokana na mwanaastronomia Mswidi Anders Celsius (1701–1744), aliyependekeza skeli ya nyuzi 100 mwaka 1742. Yeye aliipanga kinyume na ilivyo leo: maji yalichemka kwenye 0 na kuganda kwenye 100. Iligeuzwa baadaye. Hadi 1948 iliitwa rasmi sentigredi, na wengi bado hutumia jina hilo.

Barafu huyeyuka kwenye 0 °C na maji huchemka kwenye 100 °C, lakini namba ya pili ni sahihi kwenye usawa wa bahari tu, jambo ambalo wanafunzi husahau mara nyingi. Celsius mwenyewe alijua kwamba kiwango cha kuchemka hutegemea kanieneo ya hewa. Mjini Mombasa maji huchemka karibu na 100 °C. Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya bahari, kwenye 94 °C hivi. Kileleni mwa Kilimanjaro (mita 5,895) kwenye 80 °C hivi. Ndiyo sababu maharagwe huchelewa kuiva milimani. Kuongeza kuni hakusaidii: maji yakishachemka, joto la ziada huyageuza kuwa mvuke tu, wala halijoto yake haipandi.