Nani Ameshika Hatamu?

Somo: Yakobo 3:1–12



Kule Garissa, ng'ambo ya Mto Tana, farasi ni mnyama wa kusimuliwa tu. Ukimsomea mtoto wa huko habari za lijamu katika kinywa cha farasi, utakuwa na kazi ya kueleza. Lakini mtaje ngamia, naye atakuonyesha kamba mara moja.

Waingereza wana maneno mawili yanayotamkwa sawasawa lakini huandikwa mbalimbali: rein, yaani hatamu, na reign, yaani kutawala kama mfalme. La kwanza lina asili ya Kilatini yenye maana ya kuzuia. La pili limetoka katika neno la ufalme. Hata wenye lugha yao huyachanganya wanapoandika. Basi kosa hilo si la kalamu peke yake. Ni la wanadamu wote: kudhani kwamba kupewa hatamu ni kupewa kiti cha enzi.

Sisi nasi husema kiongozi "ameshika hatamu". Wasomali huita kamba ya kuongozea ngamia hoggaan, na kiongozi humwita hoggaamiye, jina lililo jamaa moja na kamba hiyo. Lakini angalieni tofauti. Mwenye farasi huketi juu, akavuta hatamu. Ngamia wa mizigo hapandwi. Mwenye kamba, mara nyingi mwanamke, hutangulia mbele kwa miguu. Mwiba wa njiani humchoma yeye kwanza.

Kenya ilishika hatamu zake tarehe 12 Desemba 1963. Tarehe 28 ya mwezi uo huo hali ya hatari ilitangazwa Kaskazini Mashariki, kwa maana Wasomali wengi wa huko walitaka kuungana na Somalia. Vita vile vilivyoitwa vya Shifta vilikoma 1967, lakini sheria za hatari zilidumu mpaka 1991. Katika miaka hiyo, Novemba 1980, mitaa ya Garissa ilichomwa moto na askari baada ya watumishi wa serikali kuuawa. Februari 1984 watu wengi waliuawa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo katika ripoti yake ya 2013. Hapo waliopewa hatamu hawakujizuia wenyewe.

Lakini tusiwanyoshee kidole askari peke yao. Yakobo hasemi habari za serikali. Asema habari za ulimi.

Tarehe 2 Aprili 2015, siku ya Alhamisi Kuu, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi Wakristo. Siku zile nilikuwa chuo cha theolojia. Jioni ile, mezani, nilisema maneno juu ya Wasomali wote ambayo siwezi kuyarudia hapa. Wenzangu waliitikia. Mpishi wetu, mama Msomali, alikuwa akiondoa sahani. Hakusema neno. Aliendelea kutupakulia chakula mpaka nilipomaliza masomo, wala sikupata ujasiri wa kumwomba radhi. Nilikuwa nimejifunza Kiyunani cha Yakobo, na ulimi wangu haukuwa na kamba.

Mwaka huo huo, tarehe 21 Desemba, basi la kwenda Mandera lilivamiwa karibu na El Wak. Wauaji waliwaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Wanawake wakawapa Wakristo hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, akafa Januari 2016. Ndiye mshika kamba aliyetangulia mbele, mwiba ukamchoma yeye kwanza.

Ndugu yangu, huenda hutashika kamwe hatamu za nchi. Lakini ya kinywa chako umekwisha kukabidhiwa. Je, leo yupo mtu aliyekusikia ukisema, naye akanyamaza? Mwendee angali yuko karibu. Mimi nilichelewa.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyetutangulia njiani kwa miguu yako, shika ndimi zetu, utufundishe kuomba radhi. Amina.