Kezilahabi na Vazi la Kukatiwa

Aendaye Mishamo, katika mkoa wa Katavi, hukuta vijiji 16 vilivyopimwa katikati ya misitu ya miombo. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya Warundi walioikimbia nchi yao mwaka 1972. Walipewa ardhi na salama, nao wakafyeka pori wakajilisha kwa jembe lao. Wema huo haukanushiki. Hata hivyo, ramani ya makazi ilichorwa kabla mwenye kuyakaa hajaulizwa.

Mwaka uliofuata, 1979, Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya ya Gamba la Nyoka. Humo hakuna Mishamo wala wakimbizi. Wamo wanavijiji wa Tanzania waliohamishiwa vijiji vya ujamaa. Lakini swali ni lilo hilo: mtu akisha kupangiwa mahali pa kuishi, moyo wake huhamia lini?

Mwandishi huyu alizaliwa Namagondo, Ukerewe, tarehe 13 Aprili 1944. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akafundisha hapo. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971; ikapigwa marufuku shuleni, na baadaye shule zizo hizo zikaisomesha. Mwaka 1985 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, na tangu 1995 alifundisha Botswana. Alifariki tarehe 9 Januari 2020.

Tamthilia yake, Kaptula la Marx, aliiandika mwaka 1978, mwaka ule ule wa Mishamo. Inamcheka mtawala avaaye kaptula isiyomwenea, kwa kuwa ilikatwa kwa kipimo cha mwingine. Haikuchapishwa ila mwaka 1999. Miaka 21 neno lilikaa kabatini, na liliposomwa na wengi, siasa iliyolengwa ilikuwa imekwisha kuachwa.

Wenyeji wa Mishamo nao walijua kungoja. Vyeti vya uraia wa Tanzania vilianza kugawiwa mwaka 2014, miaka 42 tangu kukimbia. Waliofika wakibebwa mgongoni walikuwa na wajukuu.

Fundi cherehani hampimi mteja asiyekuwapo. Msomaji akiuliza faida ya riwaya na tamthilia kwa watu wa jembe, jibu ni hili: humweka mvaaji mbele ya fundi kabla kitambaa hakijakatwa. Kwa hiyo kuchelewesha kitabu si kumdhulumu mwandishi peke yake. Ni kumdhulumu na yule atakayelivaa vazi.