Ufundishaji wa matumizi ya pesa kwa watoto wenye mahitaji maalumu

Ufundishaji wa matumizi ya pesa kwa watoto wenye mahitaji maalumu ni sehemu ya elimu ya stadi za maisha. Humwezesha mtoto mwenye ulemavu wa akili, usonji au sindromu ya Down kutambua pesa, kulipia bidhaa na kupokea chenji. Lengo lake ni mtoto aweze kujitegemea na asidhulumiwe dukani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unatambua katika ibara ya 12 haki ya watu hao kusimamia fedha zao wenyewe. Tanzania iliuridhia mwaka 2009.

Kutambua pesa

Mafunzo huanza na pesa chache zinazotumika kila siku. Nchini Tanzania picha za noti husaidia: noti ya shilingi 1,000 ina picha ya Julius Nyerere, ya 2,000 simba, ya 5,000 kifaru na ya 10,000 tembo. Hivyo hata mtoto asiyesoma tarakimu anaweza kujifunza kuwa noti ya tembo hununua vitu vingi kuliko noti ya simba.

Kosa la kawaida ni kuhesabu vipande badala ya thamani: mtoto hudhani sarafu tano za shilingi 100 zinazidi noti moja ya 1,000. Vilevile hufundishwa majina ya mitaani, kwa sababu muuza duka husema "jero" kwa shilingi 500 na "buku" kwa shilingi 1,000.

Kulipa

Mtoto asiyeweza kujumlisha hufundishwa kulipa kwa kuzidisha noti moja. Bei ikiwa shilingi 3,400, huhesabu noti tatu za 1,000, kisha huongeza moja na kusubiri chenji. Udhaifu wa njia hii ni kwamba hajui kama chenji ya shilingi 600 imetimia. Kwa hiyo baadaye hufundishwa kuihakiki kwa kikokotoo, au kuileta nyumbani pamoja na risiti.

Mazoezi

Ununuzi hugawanywa katika hatua ndogo: kuchagua bidhaa, kuuliza bei, kutoa pesa, kungoja, kupokea chenji na kuihifadhi. Mazoezi huanzia kwenye duka la darasani lenye pakiti tupu, lakini hayaishii hapo, kwani wengi wanaoweza darasani hushindwa penye foleni na kelele. Pesa halisi hufaa kuliko za karatasi. Mzazi anaweza kumtuma mtoto kitu kimoja katika duka la jirani, akimfuata kwa mbali, na kupunguza msaada kidogo kidogo.

Malipo kwa simu

Malipo kwa simu huleta ugumu mpya, kwa kuwa pesa haionekani wala haishikiki. Mtoto huhitaji kujifunza kusoma ujumbe wa salio na kutunza namba ya siri. Namba hiyo ikishikwa na mtu mwingine, anayeamua matumizi huwa ni mtu huyo.