Prosesa ya seva au ya kompyuta ya mezani: mwongozo kwa vyama vya ushirika na ofisi za Masasi na Newala

Na Mwandishi Wetu, Masasi

Msimu wa korosho unapofunguliwa mwezi Oktoba, kila gunia linalofikishwa mizani katika wilaya za Masasi, Newala, Tandahimba na Nanyumbu hugeuka kuwa tarakimu. Tarakimu hiyo humfuata mkulima kutoka chama chake cha msingi hadi kwenye stakabadhi ya ghala, kutoka kwenye stakabadhi hadi mnadani, na kutoka mnadani hadi kwenye akaunti yake ya benki. Mfumo wa stakabadhi za ghala ulianza kutumika kwa zao la korosho mkoani Mtwara mwaka 2007, na tangu msimu wa 2024/2025 minada huendeshwa kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Kwa hatua hizo, kompyuta imekuwa chombo cha kazi kama ilivyo mizani yenyewe.

Kutokana na mabadiliko hayo, swali ambalo awali lilionekana kuwa la mafundi pekee sasa linawakabili wajumbe wa bodi za vyama vya msingi (AMCOS), viongozi wa vyama vikuu kama MAMCU na TANECU, wakuu wa shule na wasimamizi wa vituo vya afya: je, fedha za wanachama au za umma zinunue mashine yenye prosesa ya seva, au kompyuta ya mezani ya bei nafuu inatosha? Makala haya yanaeleza tofauti kati ya aina hizo mbili na namna ya kuamua. Msingi wa uamuzi ni mmoja: chaguo lifuate kazi itakayofanywa na hasara itakayopatikana mashine ikikosea au ikizimika, na si ukubwa wa jina lililoandikwa kwenye kasha.

Familia mbili za prosesa

Prosesa, ambayo huitwa pia kichakataji, ni sehemu ya kompyuta inayotekeleza maagizo yote ya programu. Ndani yake mna viini. Kila kiini ni mfano wa karani mmoja anayeshughulikia jambo moja kwa wakati mmoja. Kasi ya kiini hupimwa kwa gigahezi (GHz).

Kampuni ya Intel ilianza kuuza prosesa chini ya majina mawili tofauti katika mwaka mmoja, 1998: Celeron kwa kompyuta za bei nafuu, na Xeon kwa seva na mashine za kazi nzito. Mgawanyo huo ungalipo, ingawa leo kompyuta nyingi za ofisini zenye bei ya kadiri hutumia prosesa za Core i3. Kampuni ya AMD nayo ina Ryzen kwa kompyuta za mezani na EPYC, iliyotoka mwaka 2017, kwa seva.

Prosesa ya seva haikuundwa ili iwe na kasi kubwa kuliko nyingine katika kila kazi. Imeundwa kuhudumia watu wengi kwa pamoja, kufanya kazi usiku na mchana bila kuzimwa, kubeba kumbukumbu kubwa na kulinda usahihi wa data. Prosesa ya kompyuta ya mezani imeundwa kumhudumia mtu mmoja aliyeketi mbele yake, kwa haraka na kwa gharama ndogo.

Kilo 1,040 zinavyoweza kuwa kilo 16

Tofauti isiyoonekana kwa macho, lakini yenye uzito zaidi kwa mkulima, ni kumbukumbu yenye uwezo wa kujisahihisha, inayojulikana kwa kifupi kama ECC. Kompyuta huhifadhi kila namba kwa alama mbili tu, sifuri na moja. Kwa utaratibu huo, kilo 1,040 za korosho huhifadhiwa kama jumla ya 1,024 na 16. Iwapo alama moja tu, ile inayowakilisha 1,024, itageuka kutoka moja kuwa sifuri kutokana na hitilafu ya umeme au ya kumbukumbu yenyewe, kitakachosomwa ni kilo 16. Hakuna kengele itakayolia, na karani hatakuwa amebonyeza chochote.

Makosa ya namna hiyo ni nadra, lakini uwezekano wake huongezeka kadiri mashine inavyofanya kazi kwa muda mrefu na kadiri kumbukumbu yake inavyokuwa kubwa. Kumbukumbu ya ECC hutambua alama moja iliyogeuka na kuirekebisha papo hapo. Zikigeuka mbili katika neno moja la data, hutoa taarifa ya hitilafu. Prosesa za seva, pamoja na bodi zake, hukubali kumbukumbu hiyo. Kompyuta nyingi za mezani za bei nafuu hazina uwezo huo.

Ieleweke kuwa ECC hailindi dhidi ya karani aliyeandika namba isiyo sahihi, wala dhidi ya diski iliyoharibika. Risiti ya mkononi, daftari la mizani na nakala rudufu vinabaki kuwa vya lazima.

Swali la kwanza: je, seva inahitajika ofisini?

Kabla ya kulinganisha prosesa, ofisi ijiulize data zake zinahifadhiwa wapi. Mifumo mingi ya Serikali, ukiwemo MUSE wa malipo, NeST wa ununuzi na MUVU wa usimamizi wa vyama vya ushirika, hutumika kupitia mtandao, na seva zake haziko katika ofisi ya mtumiaji. Karani anayefungua mifumo hiyo anahitaji kompyuta ya mezani iliyo imara, intaneti ya uhakika na nywila isiyogawiwa kwa wengine. Kumnunulia mashine yenye prosesa ya seva hakutaufanya mfumo ufunguke kwa kasi zaidi.

Seva ya ofisini huwa na maana pale ambapo watumishi kadhaa hutegemea hifadhi moja ya data ndani ya jengo. Mfano ni hospitali ambayo mapokezi, daktari, maabara na dirisha la dawa husoma taarifa za mgonjwa yuleyule kutoka kwenye mashine moja, au chama kikuu kinachounganisha hesabu za vyama vya msingi vingi. Ofisi ya aina hiyo hunufaika pia mawasiliano yanapokatika. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu katika mikongo ya chini ya bahari ya EASSy na SEACOM iliathiri intaneti nchini na katika nchi jirani; katika hali kama hiyo, ofisi yenye data zake ndani ya jengo inaweza kuendelea na kazi za ndani.

Tahadhari kuhusu seva zilizotumika

Madukani na kwa wauzaji wa vifaa vilivyotumika hupatikana mashine zenye prosesa za Xeon za zamani kwa bei inayokaribiana na ya kompyuta mpya ya kawaida. Mnunuzi huvutiwa na idadi ya viini. Ulinganisho wa prosesa mbili unaonyesha kwa nini idadi hiyo pekee haitoshi.

Xeon E5-2670, iliyotoka mwaka 2012, ina viini 8 vyenye kasi ya msingi ya GHz 2.6, na kiwango chake cha nishati ni wati 115. Core i3-12100, iliyotoka mwaka 2022, ina viini 4 vyenye kasi ya msingi ya GHz 3.3 inayoweza kupanda hadi GHz 4.3, na kiwango chake ni wati 60. Kwa sababu ya maendeleo ya miaka 10, kila kiini cha prosesa mpya hufanya kazi nyingi zaidi, hivyo katika shughuli za kawaida za ofisi mashine ya viini 4 huitangulia ile ya viini 8. Aidha, Core i3-12100 ina sehemu yake ya kuonyesha picha kwenye kioo, ilhali E5-2670 huhitaji kadi ya picha ya ziada.

Xeon hiyo ya zamani bado ina faida mbili: hukubali kumbukumbu ya ECC, na inaweza kubeba hadi GB 384, wakati Core i3-12100 hukomea GB 128. Hata hivyo, haimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyopata maboresho ya usalama haifai kutunza akaunti za wakulima.

Kwa ofisi ndogo inayohitaji seva, ipo njia ya kati: prosesa ndogo za seva za miaka ya karibuni. Xeon E-2314 ya mwaka 2021, kwa mfano, ina viini 4, kiwango cha nishati cha wati 65 na uwezo wa ECC.

Umeme, vumbi na umbali

Seva haizimwi, hivyo gharama yake huendelea baada ya siku ya ununuzi. Tofauti ya wati 55 kati ya prosesa mbili zilizotajwa, zikifanya kazi kwa kiwango hicho saa 24 kwa siku 365, ni takriban uniti 482 za umeme kwa mwaka. Matumizi halisi huwa chini ya hapo mashine inapopumzika, lakini hesabu hiyo, ikizidishwa kwa bei ya uniti iliyomo katika risiti ya LUKU, huonyesha mzigo ambao bodi inapaswa kuujua mapema.

Joto la Masasi na vumbi la kiangazi huziba feni na kupunguza uhai wa mashine. Seva iwekwe katika chumba kinachofungwa, chenye hewa ya kutosha, mbali na ghala na magunia. Iunganishwe na UPS inayoweza kuizima kwa utaratibu umeme unapokatika, iwe na diski mbili zinazohifadhi data zilezile, na nakala rudufu itunzwe katika jengo jingine. Prosesa ghali isiyo na mambo haya haimlindi mtu yeyote.

Suala la vipuri lizingatiwe pia. Usambazaji wa umeme au bodi ya kompyuta ya kawaida hubadilishwa kwa urahisi, ilhali vipuri vya seva mara nyingi huagizwa Dar es Salaam. Mkataba wa ununuzi utaje muda wa dhamana na nani atagharamia usafirishaji.

Wajibu wa kisheria

Taasisi za umma hununua vifaa kupitia mfumo wa NeST kwa mujibu wa Sheria ya Ununuzi wa Umma, Na. 10 ya mwaka 2023, na huzingatia viwango na miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 10 ya mwaka 2019. Vipimo vya kiufundi viandikwe kwa sifa, kama vile idadi ya viini, uwezo wa ECC na kiwango cha nishati, badala ya jina la chapa.

Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda. Majina, namba za simu na akaunti za wanachama wa AMCOS ni miongoni mwa taarifa hizo.

Muhtasari kwa mnunuzi

1. Mtu mmoja anayeandika barua, kutunza majedwali na kutumia mifumo ya mtandaoni: kompyuta ya mezani ya bei nafuu, yenye prosesa ya miaka ya karibuni, inatosha.

2. Watumishi kadhaa wanaotegemea hifadhi moja ya data ya fedha, mazao au afya: prosesa ya seva yenye kumbukumbu ya ECC, hata iwe ndogo.

3. Seva iliyotumika: isinunuliwe kabla ya kuthibitisha mwaka wa prosesa, kiwango cha nishati, programu endeshi inayokubaliwa na upatikanaji wa vipuri.

4. Bajeti isiyotosha seva pamoja na UPS, diski mbili na nakala rudufu: ofisi ibaki na kompyuta ya kawaida, na fedha zilizopo zianze kugharamia nakala rudufu.

Bodi au ofisi yenye shaka inashauriwa kuomba ushauri wa maandishi kutoka kitengo cha TEHAMA cha halmashauri yake kabla ya kutia saini. Wanachama nao wanayo haki ya kuuliza katika mkutano mkuu mahali kumbukumbu za mizani zinapotunzwa, na lini nakala yake ya mwisho ilijaribiwa na kufunguka.